Sandow, Mwalimu wa Chumbani

Kinondoni ya sasa ina kazi ambayo wazazi wetu hawakuijua. Ukitoka Moroko kuelekea Mkwajuni, kwenye zile apatimenti zenye geti na mlinzi, kuna vijana wanaoingia alfajiri na begi mgongoni. Si fundi feni, si mleta chakula. Ni kocha. Ndani ya begi kuna mkeka, kamba za mpira na vyuma viwili vidogo vya mkononi. Anasogeza meza ya sebuleni, anafunga mpira kwenye kitasa cha mlango, na bosi mwenye nyumba anaanza kutoka jasho. Baada ya saa moja kocha anaondoka na hela yake.

Mmoja wa vijana hao nasoma naye kozi. Tunasomea ualimu wote, na wote tunajua hali ilivyo huko mbele: wahitimu wengi, nafasi chache, na kaka zetu waliomaliza miaka kadhaa nyuma bado wanasubiri. Mwenzangu hajamwambia mama yake kuhusu hii kazi. Mama anajua mwanawe anafundisha tuisheni, na ukifikiria vizuri, si uongo sana. Tatizo ni kwamba nyumbani kwao mtu wa misuli ni baunsa wa mlangoni, hawezi kuwa mwalimu. Ndiyo maana nikaenda kumsoma mtu ambaye, kwa maoni yangu, ndiye aliyeitoa hii biashara ukumbini na kuiingiza chumbani kwa watu. Alifariki mwaka 1925, na kama ulishawahi kufunga mpira mlangoni ukavuta, umeshafanya somo lake.

Huyo ni Eugen Sandow. Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1867 katika mji wa Königsberg, Prussia, ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko ndani ya Urusi. Jina la nyumbani lilikuwa Friedrich Wilhelm Müller. Sandow ni jina la jukwaani, kama wasanii wetu wa bongofleva wanavyojibatiza. Alipofika umri wa kuitwa jeshini akatoroka kwao, akajiunga na sarakasi, akawa anazunguka Ulaya akiishi kwa kubahatisha.

Kilichomwokoa ni kupata mwalimu. Huko Brussels alikutana na Louis Durlacher, mtu aliyejiita Profesa Attila. Uprofesa wenyewe ulikuwa wa jukwaani, msimtafutie chuo. Lakini Attila alijua kazi. Alimbebesha kijana yule vyuma vizito kwa mpangilio, uzito ukipanda kidogo kidogo, na akamfundisha namna ya kusimama mbele ya watu. Mwishoni mwa 1889 akamsukumia London, ambako kulikuwa na mbabe mmoja aliyejiita Samson, kila usiku akiwatangazia watazamaji zawadi kwa yeyote atakayemshinda. Sandow alipanda jukwaani amevaa nguo za heshima, akazivua, na ukumbi mzima ukashtuka. Alimshinda. Kuanzia usiku ule London ikawa yake.

Mwaka 1893 alikuwa Marekani. Kule Chicago, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, promota kijana Florenz Ziegfeld aligundua kitu ambacho Sandow mwenyewe hakuwa amekiona: watu hawakuja kuangalia uzito unaonyanyuliwa, walikuja kuangalia mwili unaonyanyua. Basi wakapunguza vyuma, wakaongeza mapozi. Mwaka uliofuata akasimama mbele ya kamera ya studio ya Edison na kukunja misuli, moja ya filamu za mwanzo kabisa duniani. Kwa hiyo wale wanaojirekodi kwenye kioo cha jimu wana babu yao.

Angeweza kuishia hapo, mtu wa maonyesho tu, akazeeka akasahaulika. Mimi namheshimu kwa kilichofuata. Mwaka 1897 alifungua taasisi ya mazoezi mtaa wa St James's, London, mtaa wa wakubwa. Mwanafunzi akifika anapimwa kwanza kwa futi, kama unavyopimwa na fundi cherehani: kifua, mkono, paja, kiuno. Kisha anapewa mazoezi yake yeye, si ya jirani. Sisi darasani tunafundishwa kwamba kabla hujafundisha ujue mwanafunzi ameanzia wapi. Sandow alifanya hivyo na futi mkononi.

Mwaka huohuo alitoa kitabu, ndani yake kukiwa na majedwali: mtoto wa umri fulani arudie zoezi mara ngapi, mwanamke mara ngapi, mtu mzima mara ngapi, na aongeze lini. Vifaa vilikuwa vyuma vyepesi ambavyo karani yeyote angeweza kuviweka chini ya kitanda, na kamba za mpira za kufunga mlangoni. Hukuhitaji ukumbi wala mashine, hata kutoka nje hukuhitaji. Waliokuwa mbali walifundishwa kwa posta, na baadhi ya picha na barua za wanafunzi, wakiwemo ambao hakuwahi kukutana nao, alizichapisha kitabuni. Hayo ndiyo masomo ya mbali, kabla intaneti haijawaziwa.

Wateja wake walikuwa nani? Makarani, wanafunzi, mawakili, watu wa kukaa kwenye kiti kutwa. Hilo linanifikirisha kila nikipita mtaani. Kijana anayeshusha magunia sokoni hahitaji kocha, tena angefurahi kama mgongo wake ungepumzishwa siku moja. Anayemlipa kocha ni yule ambaye kazi yake imeuweka mwili pembeni. Na wapo wanaotaka mazoezi ya ndani kwa sababu nyingine: akina mama waliotoka uzazini, watu wazito, wazee, wote wanaoona haya kukimbia na kikundi cha jogging Jumapili huku mtaa mzima unaangalia. Kwao apatimenti si anasa bali ni stara. Sandow alilielewa hili mapema, na aliwahimiza wanawake wafanye mazoezi wakati wengi waliona hayawafai.

Sasa tuseme na upande wa pili, maana huyu bwana hakuwa malaika. Mwili wake aliujenga kwa vyuma vizito vya Attila, halafu akawauzia watu vyuma vyepesi huku picha yake ikiwa kwenye tangazo. Wapo waliomsema kwa hilo tangu enzi zake, na walikuwa na haki. Vyuma vyepesi vilisaidia afya, sawa, lakini havikuwa vilivyomtengeneza yule mtu wa kwenye picha. Biashara ya mazoezi haijaponywa ugonjwa huo mpaka leo.

La pili ni la kwetu zaidi. Mwaka 1901 makumbusho ya London yalichukua umbo la mwili wake kwa plasta ili awe kielelezo cha mtu wa Ulaya aliyekamilika. Miaka michache baadaye akafanya ziara ndefu Afrika Kusini, India na Asia ya Mashariki, akionyesha misuli kwenye makoloni. Alirudi Uingereza mwaka 1905. Mwaka huohuo, huku kwetu, Wajerumani waliokuwa wakiwatumikisha babu zetu mashamba ya pamba walipambana na Maji Maji. Miili ya Waafrika ilibeba mizigo ya misafara kutoka pwani hadi maziwa makuu, na hakuna aliyeichukua umbo akaiita kamili. Simlaumu Sandow peke yake kwa hilo, lakini siwezi kumsoma nikaruka.

Nirudi kwenye ufundishaji, maana hapo ndipo alipokuna kichwa kweli. Karatasi ukutani haikukazii macho. Mtu anaweza kuinua vyuma huku anawaza deni. Sandow aliamini kwamba msuli usioufikiria haukui, na mwishoni mwa miaka ya 1890 akatoa chuma cha mkononi kilichopasuliwa katikati na kutiwa springi: usipokibana muda wote, nusu mbili zinaachana. Yaani alijaribu kutengeneza kifaa cha kufanya kazi ya jicho la mwalimu. Kilisaidia kiasi. Leopold Bloom, mhusika mkuu wa riwaya ya Ulysses ya James Joyce iliyotoka 1922, ana kitabu cha Sandow nyumbani na karatasi ya vipimo vyake, na mazoezi ameyaacha; anajiambia ayaanze tena. Joyce hakubuni mtu wa ajabu. Mwenzangu ananiambia wateja wake wengi walishalipia programu kwenye simu kabla yake. Kinachowaamsha alfajiri ni hodi mlangoni.

Tarehe 14 Septemba 1901, Royal Albert Hall ilijaa kwa mashindano ya wanafunzi wake kutoka sehemu mbalimbali za Uingereza. Waamuzi walikuwa yeye, mchongaji Charles Lawes, na Arthur Conan Doyle, yule wa Sherlock Holmes. Ukubwa wa misuli peke yake haukutosha. Waliangalia uwiano wa mwili na afya ya ngozi pia. Mshindi, William Murray wa Nottingham, alipewa sanamu ndogo ya Sandow. Sanamu ya umbo hilohilo ndiyo wanayopewa washindi wa Mr. Olympia tangu 1977.

Mwaka 1911 Mfalme George wa Tano alimteua kuwa mwalimu wake wa mazoezi. Mtoro wa jeshi la Prussia, profesa wa jukwaani, sasa ana cheo cha ikulu. Kisha vita ya 1914 ikaharibu mambo. Alikuwa na kampuni ya kakao yenye jina lake, na jina la mtu mwenye asili ya Ujerumani halikuuzika tena, ikafilisika 1916.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1925, akiwa na miaka 58. Walisema ni mshipa wa kichwani, na mtaani ikaenea kwamba aliumia akinyanyua gari. Mke wake, Blanche, hakutaka kaburi liwekewe alama. Wanandoa wanajua yao. Kwa miongo mingi pale makaburi ya Putney Vale ungemkanyaga bila kujua. Mwaka 2008 watu wa ukoo wake waliweka jiwe kubwa la rangi ya waridi. Limeandikwa SANDOW.