MAISHA YA IMAMU GHAZALI: ALIVYOFUNDISHWA, ALIVYOUGUA NA ALIVYOLEA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu twaanza, na Yeye ndiye tumshukuruye, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Ndugu Waislamu, jina la Imamu Ghazali si geni kwa watu wa pwani hii. Kitabu chake cha Ihya chajulikana na wanavyuoni, na asiyekisoma amesikia kikitajwa katika darsa. Lakini wengi wetu twamjua kwa vitabu vyake tu, wala hatujui ni njia gani aliyopita hata akaweza kuviandika. Katika kurasa hizi chache twataka kueleza jinsi alivyolelewa na waalimu wake, jinsi mwili wake ulivyougua kwa sababu ya moyo wake, na jinsi alivyopona akawa mlezi wa wengine. Na khasa twawakusudia wale waliopewa amana ya kusomesha, kwani khabari hizi zawahusu wao kuliko wengine.

KUZALIWA KWAKE NA WASIA WA BABA YAKE

Jina lake ni Muhammad bin Muhammad bin Muhammad, na huitwa Abu Hamid. Alizaliwa katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, mwaka wa 450 wa Hijra (1058), kwa kauli iliyo mashuhuri. Mahali hapo leo pamo katika nchi ya Iran, karibu na mji wa Mashhad.

Imepokewa ya kuwa baba yake alikuwa mtu maskini, kazi yake kusokota nyuzi za manyoya ya kondoo na kuziuza. Yeye mwenyewe hakupata kusoma, lakini alipenda mno kukaa na maulamaa, akiwahudumia kwa alichokiweza, na akimwomba Mungu ampe mtoto atakayekuwa mmoja wao. Mauti yalipomkaribia aliwausia wanawe wawili, Muhammad na nduguye Ahmad, kwa rafiki yake mmoja aliyekuwa sufii, akampa na fedha kidogo aliyokuwa nayo, awasomeshe kwayo mpaka iishe.

Rafiki yule akafanya kama alivyousiwa. Fedha ilipokwisha, naye ni fakiri asiye na kitu, hakuwaficha wala hakuwatupa. Aliwaeleza hali yake, akawashauri waingie madrasa ambako wanafunzi hupata chakula chao. Imamu alikuwa akisimulia baadaye ya kuwa walianza kusoma kwa haja ya tumbo, na ilimu ndiyo iliyowavuta kwenye kumtaka Mungu. Basi tazama: mtu mmoja asiye na jina katika vitabu vya tarikhi, aliyetimiza amana ya rafiki yake, ndiye aliyekuwa sababu ya sisi kumpata Ghazali.

WAALIMU WAKE

Fikihi alianza kuisoma papo Tus kwa Sheikh Ahmad Radhakani, kisha akasafiri kwenda Jurjan akasoma huko na kuandika aliyoyasikia. Katika kurejea kwake, wanyang'anyi waliwakatia njia wakachukua kila kitu, pamoja na makaratasi yake. Akawafuata akimwomba mkubwa wao amrejeshee makaratasi tu, kwani ndani yake mna ilimu yake yote. Mnyang'anyi yule akamcheka, akamwuliza ni ilimu gani hiyo ambayo mwizi akiichukua mwenyewe hubaki mjinga. Kisha akaamrisha arejeshewe. Ghazali hakuyatia maneno yale katika matusi, bali aliyatia katika mafunzo. Alipofika kwao alikaa miaka mitatu akiyahifadhi yote aliyoyaandika, hata ikawa lau angeporwa tena asingepungukiwa na kitu.

Baada ya hapo akaenda Nishapur kwa Imamu wa Haramayn, Abul Maali Juwayni, aliyekuwa mkubwa wa Mashafii wa zama zile, na aliyeitwa kwa jina hilo kwa kuwa alisomesha Makka na Madina. Kwake alisoma fikihi na usuli na ilimu ya kujadiliana, akawapita wenziwe, akaanza kutunga vitabu na mwalimu wake yu hai. Hakumwacha mpaka alipokufa mwalimu yule mwaka wa 478 (1085).

CHEO CHAKE KATIKA BAGHDAD

Kisha akamwendea waziri Nidhamul Mulk, mtu aliyependa maulamaa na aliyejenga madrasa katika miji mingi. Huko alijadiliana na wakubwa wa ilimu akawashinda. Mwaka wa 484 (1091) waziri akampa kusomesha katika Nidhamiya ya Baghdad, madrasa ambayo miongoni mwa waalimu wake wa kwanza alikuwa Abu Ishaq Shirazi, mwenye kitabu cha Muhadhab. Ghazali alikuwa na umri wa miaka thalathini na nne. Wanafunzi mia tatu wakihudhuria darsa zake, na wakubwa wa dola wakimheshimu. Hapana mwanachuoni wa umri wake aliyekuwa na jaha kama ile.

Lakini yeye alipoitazama nafsi yake hakuridhika nayo. Alijiuliza asomesha kwa ajili ya nani, akaona kuwa linalomsukuma ni kutaka cheo na sifa kuenea. Basi ikawa asubuhi hunuia kuyaacha yote, na jioni nafsi humrudisha. Alikaa katika vuta nikuvute hiyo karibu miezi sita, tangu mwezi wa Rajabu mwaka wa 488 (1095).

UGONJWA WAKE

Kisha Mwenyezi Mungu akaufunga ulimi wake. Alikuwa akijitahidi asomeshe japo siku moja kuwafurahisha wanafunzi wake, na neno moja lisimtoke. Huzuni ile ikashuka kutoka moyoni hata ikafika tumboni: chakula hakishuki, kinywaji hakipiti, na tonge moja asiweze kulisaga. Nguvu zikamwishia. Matabibu wakakata tamaa, wakasema kuwa maradhi haya yameanzia moyoni yakaenea mwilini, wala hayana dawa mpaka moyo wenyewe upumzike na hamu yake.

Khabari hii hakutuletea mtu mwingine; ni yeye mwenyewe aliyeiandika katika kitabu chake cha Munqidh, akiwa mtu mzima mwenye jina kubwa. Na wangapi katika sisi huugua namna hii wakanyamaza, wakadhani ni aibu kwa mwanachuoni au kwa mtu mwenye heshima kusema kuwa kifua kimembana na usingizi umemkimbia? Imamu wa maimamu hakuona aibu. Aliusikiliza mwili wake, akawasikiliza matabibu, akamwelekea Mola wake kama aelekeavyo mtu aliyekwama asiye na hila.

Akapata wepesi wa kuiacha jaha na mali. Akatoa katika sadaka mali aliyokuwa nayo, asibakishe ila kadiri ya kumtosha yeye na chakula cha watoto wake, kwani hakuona kuwa ni ucha Mungu kuwaacha watoto na njaa. Darsa akamwachia nduguye Ahmad, akatoka Baghdad mwezi wa Dhul Qaada mwaka ule ule.

SAFARI YAKE NA KITABU CHA IHYA

Alikwenda Damascus, akawa akipanda katika mnara wa msikiti na kujifungia mchana kutwa, akisoma na kuitengeneza nafsi yake. Kisha akenda Baytul Maqdis, akazuru kaburi la Nabii Ibrahimu, na mwaka wa 489 (1096) akahiji. Baada ya hayo, mapenzi ya watoto wake yakamvuta kurejea kwao. Jumla ya miaka aliyojitenga na cheo ni kama kumi na mmoja.

Na katika miaka hiyo ya kunyamaza ndipo alipotunga Ihya. Kitabu hicho ni robo nne, na kila robo ina vitabu kumi: robo ya ibada, robo ya mambo ya desturi kama kula na kuoa na kuchuma, robo ya yanayomwangamiza mtu, na robo ya yanayomwokoa. Alipokuwa Baghdad aliandika vitabu vingi vya kujibu na kushinda; lakini kitabu hiki aliyajua maradhi kwanza katika nafsi yake, kisha akawaandikia wengine dawa. Kwa hiyo hata leo msomaji wa Ihya huona kama kwamba aliyekiandika amemjua.

Wala asidhani mtu kuwa aliidharau fikihi. Kitabu chake cha Wajiz ndicho alichokisherehesha Imamu Rafii, na kitabu cha Rafii kiitwacho Muharrar ndicho alichokifupisha Imamu Nawawi kikawa Minhaj, kinachosomwa katika darsa za pwani yetu. Basi kila asomaye Minhaj hapa kwetu amekaa katika mkeka wa Ghazali, ajue asijue.

ALIVYOWAFUNZA WAALIMU KULEA

Katika Ihya ameeleza haki za mwanafunzi juu ya mwalimu wake. La kwanza ni kumhurumia na kumfanya kama mwanawe. Tena amkanye kwa upole na kwa fumbo kadiri awezavyo, asimfedheheshe. Asimpe ila kadiri ya akili yake. Na matendo ya mwalimu yasiikadhibishe ilimu yake. Amemfananisha mlezi na tabibu: kama tabibu angewapa wagonjwa wote dawa moja angewaua wengi, vivyo hivyo mlezi atakayewatia wanafunzi wote katika mzigo mmoja huziua nyoyo zao.

Na juu ya mtoto mdogo ameeleza mambo ambayo yapasa kusikilizwa katika vyuo vyetu. Mtoto akifanya jema asifiwe mbele ya watu. Akiteleza mara moja mwalimu ajifanye hakuona, na khasa mtoto akiwa mwenyewe analificha; akirudia, aonywe kwa siri. Asikemewe kila saa, kwani huzoea makemeo yakawa hayamwingii. Apewe nafasi ya kutembea na kuuzoeza mwili wake. Na atokapo chuoni aachwe acheze mchezo mwema umpumzishe, kwa sababu mtoto anyimwaye mchezo na kubanwa na masomo siku zote moyo wake hufa, akili yake huzimika, naye hutafuta hila ya kukikimbia chuo.

Yameandikwa hayo zaidi ya miaka mia tisa iliyopita. Basi mwalimu ambaye bakora ndiyo lugha yake, na ambaye wanafunzi wake wakikhitimu huapa wasirudi tena karibu naye, asiseme kuwa hiyo ndiyo njia ya wazee. Mzee wetu ni huyu, na njia yake ni hii.

KUREJEA KWAKE NA KUFA KWAKE

Mwaka wa 499 (1106) Fakhrul Mulk, mtoto wa yule waziri wa kwanza, alimtaka sana arejee kusomesha, naye akasomesha katika Nidhamiya ya Nishapur. Kisha akarejea Tus, akafanya kando ya nyumba yake madrasa ya wanafunzi na makao ya masufii, akazigawa saa zake baina ya kusoma Qurani, kukaa na watu wa moyo, na kusomesha.

Na jambo la mwisho katika ilimu yake ni hili: mtu huyu aliyewasomesha watu mia tatu kwa pamoja, alipokaribia mwisho wa umri wake, alikaa mbele ya watu wa Hadithi akasoma Bukhari na Muslim. Hakusema kuwa amekwisha kuwa Hujjatul Islam hana haja ya mwalimu.

Alikufa Jumatatu, tarehe 14 Jumada ya pili mwaka wa 505 (18 Desemba 1111). Nduguye Ahmad amepokea ya kuwa alfajiri ile alitawadha akasali, akataka sanda yake, akaibusu akaiweka juu ya macho yake, akajinyosha kuelekea kibla, akafa kabla ya jua kuchomoza. Akazikwa papo Tus, mji ambao baba yake alikuwa akisokota nyuzi na kuomba.

Ndugu zangu, aliye mwanafunzi na amtafute mwalimu wa kumlea, si wa kumsomesha tu. Aliye mwalimu na autazame moyo wake kabla hajautazama ubao wa mtoto. Na aliyeelemewa na dhiki ya moyo asijifiche. Aende kwa tabibu na kwa Mola wake, kwani aliyekuwa bora kuliko sisi alifanya hivyo akapona.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Ghazali na waalimu wake na baba yake, na atujaalie ilimu yetu iwe hoja yetu, isiwe hoja juu yetu. Amin.