Edward Moringe Sokoine: Mbunge wa Wafugaji na Deni la Haki



Baada ya Misa katika kigango kimojawapo cha Nainokanoka, kwenye nyanda za juu za Ngorongoro ambako ukungu huchelewa kuondoka hata jua likiwa limekwisha panda, vijana walituuliza swali lililotusindikiza njia nzima ya kurudi. Walitaka kujua kwa nini wazee wao, kila yanapozungumzwa mambo ya Bunge na viongozi, hulitaja jina la Sokoine kana kwamba alizikwa jana, ilhali wao wenyewe hawakuwa wamezaliwa alipofariki. Tumeona vema kuwajibu kwa maandishi, ili jibu liwafae pia waamini wengine. Tutayasimulia maisha yake kwa heshima inayomstahili marehemu, lakini pia kwa ukweli, kwani kumbukumbu inayoficha upande mmoja haimsaidii aliyekufa wala anayeishi.

Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli tarehe 1 Agosti 1938, katika jamii ya wafugaji wa Kimaasai. Wakati ule mtoto wa kiume alihesabika kuwa mchungaji kabla hajahesabika kuwa mwanafunzi, na shule ilionekana kuwa mahali pa kumpoteza mtoto. Yeye alipelekwa shule ya Monduli, kisha akaendelea na masomo ya sekondari Umbwe, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka 1961, nchi ilipopata uhuru, alijiunga na TANU. Akasomea utawala nchini Ujerumani Magharibi, akarudi kuwatumikia watu wa kwao kama mtendaji katika wilaya ya Masai.

Wilaya ya Masai ya siku zile tusiifikirie kama wilaya za leo. Ilienea kutoka mpaka wa Kenya hadi mbuga za Kiteto, na ndani yake zilikuwemo Monduli, Loliondo na Ngorongoro yetu. Kumwona mtendaji wa serikali lilikuwa jambo la nadra, na serikali yenyewe ilijulikana zaidi kwa kodi na kwa makatazo. Katika mazingira hayo, mwaka 1965, Sokoine aliomba kura za jimbo la Masai. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja: wagombea wawili wa TANU walishindanishwa jimboni, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Wafugaji wasio na jembe, na ambao maboma yao yalihama kufuata malisho, walipaswa kuchagua kwa alama za wakulima. Wakamchagua kijana huyo wa miaka 27 aende kuwasemea mbele ya watu wasiowafahamu.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1967, lilikuja Azimio la Arusha pamoja na miiko yake ya uongozi. Kiongozi, mbunge akiwemo, hakuruhusiwa kuwa na mishahara miwili, wala hisa katika makampuni, wala nyumba za kupangisha. Mwaka huohuo Sokoine aliteuliwa kuwa naibu waziri katika wizara iliyoshughulikia mawasiliano na uchukuzi. Mwaka 1970 akawa Waziri wa Nchi, na mwaka 1972 Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Wapo viongozi waliouchukulia mwiko ule kuwa mzigo na wakatafuta njia ya kuukwepa. Sokoine anakumbukwa miongoni mwa waliouchukulia kuwa kanuni ya maisha, na hii ni sababu ya kwanza ya wazee wetu kulitaja jina lake.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: je, alipigia kura sheria zipi, na akakataa zipi? Swali hili ni halali, na ni vizuri waamini walizoee. Bunge la chama kimoja, hata hivyo, lilipitisha miswada kwa sauti ya pamoja ya ndiyo, na waziri alibanwa na uamuzi wa serikali nzima. Rekodi ya mbunge kama Sokoine kwa hiyo haisomwi kwa kuhesabu kura zake. Husomwa katika sheria zilizopita akiwa ameketi upande wa serikali, na katika yaliyowapata watu wake kutokana na sheria hizo. Anayekaa barazani uamuzi unapotolewa hubeba sehemu yake ya uamuzi huo.

Kwa watu wa Ngorongoro kipimo hicho ni kigumu. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959, baada ya wafugaji kuhamishwa kutoka Serengeti, ili mifugo, wanyamapori na binadamu wakae pamoja. Mwaka 1974 familia zilizoishi ndani ya kreta zikaondolewa. Mwaka 1975 Bunge likarekebisha sheria, na kilimo kikapigwa marufuku katika eneo lote la hifadhi. Kwa mama wa Nainokanoka mwenye bustani ndogo ya viazi na mahindi, mwaka ambao ng'ombe wamekufa kwa ukame, marufuku hiyo ilikuwa habari ya njaa. Miaka hiyohiyo operesheni ya vijiji iliwafikia Wamaasai kwa jina la Imparnati, yaani makazi ya kudumu. Sokoine alikuwa mbunge na waziri katika serikali iliyofanya hayo yote. Yeye alikuwa mtu wa maendeleo aliyeamini kwamba shule, josho, maji na kijiji ndivyo vitakavyoiokoa jamii yake isiachwe nyuma. Imani hiyo ilizaa matunda mengi. Lakini haikuwaepusha wafugaji na uchungu wa kupangiwa maisha na watu wasiolala bomani.

Mwaka 1975 aliendelea bungeni akiwa mbunge wa Monduli, na tarehe 13 Februari 1977 Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri Mkuu. Mwezi huohuo mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa. Mkulima wa mbali huenda aliusikia mpaka huo redioni tu. Mfugaji wa Kimaasai alikuwa na shangazi upande mmoja na mjomba upande wa pili. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na Waziri Mkuu akawa mmoja wa waliobeba kazi ya kukusanya nguvu za mikoa yote, kuanzia magari na chakula hadi vijana, mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Vita ilishinda lakini hazina ikabaki tupu. Novemba 1980 Sokoine aliacha uongozi kwa sababu za afya, akaenda masomoni Yugoslavia.

Alirudishwa katika uwaziri mkuu tarehe 24 Februari 1983, na wakati huo nchi ilikuwa inaumwa. Walioishi miaka ile hawajasahau foleni za sukari, sabuni, chumvi na khanga. Bidhaa zilizoadimika dukani zilipatikana nyuma ya duka kwa bei ya kulangua. Mwishoni mwa Machi 1983 ikaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Mamia ya watu walikamatwa, maghala yakafunguliwa, na wengine, kwa hofu, wakatupa mali zao usiku vichakani na barabarani. Mnyonge aliyekuwa amezoea kuona mwenye cheo na mwenye fedha wakisalimika, kwa mara ya kwanza aliona milango yao ikigongwa. Hiyo ni sababu ya pili ya jina la Sokoine kudumu midomoni mwa watu.

Ukweli unatudai tuseme na lililo upande wa pili. Sheria ya kuhujumu uchumi ilipitishwa na Bunge baada ya watu kuanza kukamatwa, ikahalalisha yaliyokwisha kufanyika. Kesi ziliondolewa katika mahakama za kawaida na kupelekwa kwenye chombo maalumu. Mshtakiwa hakupewa dhamana, wala hakuruhusiwa wakili. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi, na watu wasio na kazi inayotambulika mijini wakakusanywa na kupelekwa mashambani. Nia ilikuwa kuwalinda wengi, lakini katika wavu ule waliingia wenye hatia na wasio na hatia, mlanguzi mkubwa na mjane mwenye mifuko michache ya chumvi. Kanisa hutufundisha kwamba mafao ya wote hayajengwi kwa kukanyaga heshima ya mtu mmoja, na kwamba lengo jema halitakasi njia mbaya. Mtuhumiwa naye ni sura ya Mungu, na ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Taifa lenyewe lilikiri jambo hili mapema: mwaka 1984 sheria ile iliondolewa na kuwekwa nyingine iliyorudisha kesi hizo kwenye utaratibu wa mahakama, na mwaka huohuo haki za msingi za binadamu zikaingizwa katika Katiba.

Tusimhukumu, hata hivyo, kwa mwaka wake mgumu peke yake. Katika kipindi hicho hicho serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, nayo yakapata jina la daladala. Mkono uliokuwa umefunga maghala ulijua pia kuachia pale ambapo serikali ilishindwa kuwahudumia watu. Na Novemba 1983 viongozi wa Tanzania, Kenya na Uganda walipokutana Arusha, mpaka wa Kenya ulifunguliwa tena, na ndugu waliotenganishwa kwa zaidi ya miaka sita wakaonana.

Tarehe 12 Aprili 1984, Alhamisi ya Kwaresima, siku tatu kabla ya Jumapili ya Matawi, Sokoine alisafiri kwa gari kutoka Dodoma, baada ya shughuli za Bunge, kuelekea Dar es Salaam. Alipofika Dakawa, mkoani Morogoro, gari lake liligongana na gari jingine, naye akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 45. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa msiba huo kwa redio. Alizikwa Monduli Juu, kati ya watu waliomtuma bungeni mara ya kwanza. Katikati ya mwaka huo chuo kikuu cha kilimo kilianzishwa Morogoro, nacho kikapewa jina lake. Mtoto wa wafugaji aliyeingia bungeni chini ya alama za jembe na nyumba ameachiwa ukumbusho unaofundisha kulima na kufuga pia.

Vijana wetu wapendwa, je, tumewajibu? Wazee wenu wanamtaja Sokoine kwa sababu walipomtazama hawakuona mtu aliyegeuza kura zao kuwa mali yake. Usafi wa mikono ni tunu kubwa, nasi tunamwomba Mungu atujalie viongozi wengi wa namna hiyo. Lakini maisha yake yanatufundisha pia kwamba usafi wa mikono ya kiongozi hautoshi. Kiongozi mwadilifu anaweza kupitisha sheria inayoumiza. Na mtoto wa nyumbani anaweza kukaa katika serikali inayowahamisha watu wa nyumbani. Ndiyo maana mwakilishi anahitaji wananchi wanaomsindikiza kwa maswali, wala si kwa vigelegele tu.

Suala hili kwetu si la historia peke yake. Tangu mwaka 2022 kaya kadhaa za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na mazungumzo juu ya ardhi, malisho na huduma bado yanagawanya familia. Hatuandiki ili kuwaambia waamini wamchague nani. Tunawaomba mambo matatu. Kwanza, mwakilishi wenu anaporudi kuwasalimu, muulizeni sheria zipi zilipitishwa akiwa ndani, naye alisema nini mjane na mfugaji mdogo walipoguswa nazo. Pili, msikubali haki ya jirani ivunjwe kwa sababu tu safari hii si yenu inayovunjwa. Mtuhumiwa mnayemchukia leo anahitaji wakili kama mtakavyomhitaji ninyi kesho. Tatu, waombeeni viongozi wakiwa hai, msingoje kuwalilia wakiwa wamekufa.

Na kwa kuwa sisi tunaamini ushirika wa watakatifu na kuwaombea marehemu, tunaialika kila Jumuiya Ndogo Ndogo, inapofika tarehe 12 Aprili, imkumbuke Edward Moringe Sokoine katika sala zake. Tuyashukuru mema aliyowatendea wanyonge, tuyaweke makosa ya utawala wake katika huruma ya Mungu, na tuwakumbuke pia waliofungwa bila kusikilizwa, kwani nao wana majina mbele za Bwana. Raha ya milele umpe, Ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.