Margery Allingham na mpelelezi aliyekubali kuzeeka

Riwaya za upelelezi hazina kiti katika programu yetu ya masomo. Tunazisoma pembeni, usiku, kama mtu anayetafuna karanga baada ya chakula chenyewe. Hata hivyo, wapo waandishi wa aina hiyo ambao maisha yao yana somo kwa mwanafunzi wa lugha, na kwangu mimi wa kwanza ni Mwingereza Margery Allingham. Wengi wetu tunamjua zaidi Agatha Christie na Hercule Poirot wake, yule Mbelgiji ambaye sisi Wakongo hatukutani naye bila kutabasamu kidogo. Poirot alikuwa mtu mzima tayari katika kitabu cha kwanza, mwaka 1920, na akabaki mzee kwa zaidi ya miaka 50. Allingham alifanya jambo gumu zaidi: alimwacha mpelelezi wake azeeke polepole, karibu mwaka kwa mwaka, pamoja na yeye mwenyewe na wasomaji wake.

Alizaliwa London, mtaa wa Ealing, tarehe 20 Mei 1904. Baba yake, Herbert, alikuwa mhariri wa magazeti, kisha akaishi kwa kuandika hadithi za mfululizo katika majarida ya bei nafuu. Mama yake, Emily, aliandika pia. Familia ilihamia kijijini, katika mkoa wa Essex, mashariki mwa London. Katika nyumba kama hiyo uandishi haukuwa ndoto wala kipawa kitokacho mbinguni. Ulikuwa kazi, kama useremala. Margery alikuwa bado mtoto mdogo baba yake alipompa kisa cha kuandika, akamfanya akirudie tena na tena mpaka sentensi zisimame. Alipata malipo yake ya kwanza akiwa na umri wa miaka 8, kwa hadithi iliyotoka katika jarida lililohaririwa na shangazi yake.

Lakini mtoto huyo aliyeandika vizuri hakuweza kusema vizuri. Alikuwa na kigugumizi. Baada ya shule alirudi London kusomea tamthilia na matamshi katika chuo cha Regent Street, na huko ulimi wake ukafunguka. Sisi tunaojifunza fonetiki tunajua jambo hilo si dogo. Naamini ndipo lilipotoka sikio lake kali: katika vitabu vyake humtambui mtu kwa nguo zake tu, unamtambua kwa namna anavyofungua kinywa.

Riwaya yake ya kwanza, Blackkerchief Dick, ilitoka mwaka 1923, akiwa na miaka 19. Ilihusu wafanya magendo wa kisiwa cha Mersea, na haikumletea fedha. Mwaka 1927 aliolewa na mchoraji Philip Youngman Carter, aliyemchorea majalada ya vitabu vyake vingi. Hawakupata watoto. Nyumba ilitegemea sana kalamu ya mke, na kalamu hiyo ilibidi igawanywe. Mwenyewe alitofautisha kazi ya mkono wa kulia, aliyoiandika kwa moyo wake wote, na kazi ya mkono wa kushoto, aliyoagizwa na majarida ili mkate upatikane. Mwanafunzi yeyote anayeandika kazi yake ya mwisho huku akitafsiri hati za watu ili alipe kodi ya chumba anaelewa mgawanyo huo bila kuelezwa.

Albert Campion aliingia duniani kwa mlango wa nyuma. Katika The Crime at Black Dudley, ya mwaka 1929, ni mgeni mmojawapo katika jumba la shamba, kijana mwembamba mwenye miwani mikubwa, uso wa kipumbavu na maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Shujaa wa kitabu alikuwa mtu mwingine, lakini wachapishaji walimpenda zaidi huyu mjinga. Mwaka uliofuata, katika Mystery Mile, akapewa nafasi ya mbele na mtumishi, Magersfontein Lugg, jitu nene lililokuwa zamani mwizi wa kuvunja nyumba. Campion ni jina la kubuni. Jina lake la kweli ni la ukoo mkubwa sana, na Allingham hakulitaja lote hata siku moja.

Ucheshi wa vitabu hivi uko hasa katika lugha. Bwana wa ukoo bora anaongea upuuzi, mwizi mstaafu ndiye anayehubiri adabu, tena kwa lafudhi ya mitaa ya maskini ya London. Tunapojadili darasani namna Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili vinavyompandisha mtu au kumshusha mbele ya wenzake, mimi huwafikiria hao wawili. Na upuuzi wa Campion ni ngao. Anayedhaniwa mjinga husikia mengi, kwa sababu hakuna anayejichunga mbele yake. Sidhani ni ajabu kwamba ngao hiyo ilibuniwa na mwanamke aliyejua tangu utotoni jinsi watu wanavyompima mtu kwa ulimi wake.

Kisha miaka ikapita, na mwandishi hakuificha. Campion amepewa mwaka 1900 kuwa mwaka wake wa kuzaliwa. Katika Sweet Danger, 1933, anakutana na Amanda Fitton, msichana wa miaka 17 mwenye nywele nyekundu na akili ya ufundi, ambaye baadaye anakuwa mhandisi wa ndege, na hatimaye mke wake. Kadiri miaka inavyokwenda, mzaha wake unapungua na kusikiliza kwake kunaongezeka.

Vita vilipokuja, Allingham alikuwa akiishi Tolleshunt D'Arcy, kijiji cha Essex kilicho karibu na bahari, mahali ambapo adui angeweza kushukia. Alishiriki kuwapokea watu waliohamishwa kutoka London. Wanakijiji walijiandaa kwa watoto wa shule. Walioshuka kwenye mabasi ni akina mama na watoto wachanga. Aliyaeleza hayo katika The Oaken Heart, mwaka 1941, kitabu kisicho cha kubuni. Wasomaji waliowahi kugawana chumba na jamaa waliokimbia vita hawatahitaji maelezo ya pembeni.

Mwaka huohuo ilitoka Traitor's Purse, ambayo mimi naiweka juu ya nyingine zote. Campion anaamka hospitalini bila kumbukumbu. Hajui jina lake, hamjui Amanda, lakini anahisi kwamba nchi inamtegemea kwa jambo fulani. Maneno yake ya mzaha hayamsaidii tena. Ngao imeanguka, na nyuma yake tunamkuta mtu mwenye hofu anayegundua kwamba anampenda mwanamke ambaye yuko karibu kumpoteza. Njama inayofichuliwa ni ya kuivunja nchi kwa noti bandia. Allingham hakuwa na habari za siri. Wajerumani nao walikuwa wakipanga kutengeneza fedha bandia za Kiingereza.

Mumewe alikuwa jeshini. Katika Coroner's Pidgin, mwaka 1945, Campion anarudi nyumbani baada ya miaka mitatu ng'ambo, na mwishoni anamwona kwa mara ya kwanza mtoto wake wa kiume. Na katika The Tiger in the Smoke, 1952, London imezama katika ukungu, muuaji anazunguka, na Campion wa miaka hamsini na kitu anakaa kando. Anayemkabili muuaji, usiku kanisani, ni padri mzee asiye na silaha. Mwandishi dhaifu angempa shujaa wake ushindi huo. Allingham alimheshimu Campion kiasi cha kumruhusu asiwe wa kwanza.

Alifariki kwa saratani tarehe 30 Juni 1966, akiwa na miaka 62. Cargo of Eagles ilikuwa haijakamilika. Mumewe akaimaliza, ikatoka mwaka 1968.

Nawashauri wenzangu waanze na Sweet Danger kwa kicheko, waendelee na Traitor's Purse, kisha The Tiger in the Smoke, kwa mpangilio huohuo. Anayesoma kimoja tu atapata fumbo zuri. Anayesoma vyote vitatu atamwona mtu akikua mbele ya macho yake, sentensi baada ya sentensi, na hapo ndipo atajiuliza kama ule mkono wa kushoto, uliofanya kazi kwa ajili ya mkate, haukuwa ndio ulioulisha na ule wa kulia.