Paul Lazarsfeld

Paul Felix Lazarsfeld (Vienna, 13 Februari 1901 – New York, 30 Agosti 1976) alikuwa mtaalamu wa elimu ya jamii mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi zaidi nchini Marekani. Anahesabiwa kati ya waanzilishi wa utafiti wa chuo kikuu kuhusu mawasiliano ya kisiasa na maoni ya umma.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa mwanasheria na mama yake mwanasaikolojia. Ujanani alishiriki harakati za Kisoshalisti. Alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Vienna na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1925, kisha akageukia saikolojia.

Pamoja na Marie Jahoda, mke wake wa kwanza, na Hans Zeisel, alichunguza kijiji cha Marienthal, ambako kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa na familia nyingi zikakosa ajira. Matokeo yalitolewa mwaka 1933. Wako waliotazamia kwamba dhiki ingewafanya watu wainuke kudai mageuzi. Watafiti walikuta kinyume chake: wanakijiji walikata tamaa, wakapunguza kusoma magazeti na kuazima vitabu, ingawa sasa walikuwa na muda mwingi kuliko zamani.

Nchini Marekani

Mwaka 1933 alikwenda Marekani kwa ufadhili wa Rockefeller. Mwaka uliofuata chama cha Kisoshalisti kilipigwa marufuku nchini Austria, naye akaamua kubaki ugenini. Mwaka 1937 alikabidhiwa mradi wa utafiti wa redio chini ya Chuo Kikuu cha Princeton, ambao baadaye ulihamia Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Huko alishirikiana kwa miaka mingi na Robert K. Merton.

Uchunguzi wa wapiga kura

Wakati huo wengi waliogopa kwamba redio inaweza kugeuza fikra za umma kwa urahisi, hasa walipoona propaganda ya Wanazi nchini Ujerumani. Lazarsfeld alitaka kupima jambo hilo. Katika uchaguzi wa mwaka 1940, Franklin Roosevelt aliposhindana na Wendell Willkie, kikosi chake kilihoji watu 600 wale wale kila mwezi, kuanzia Mei hadi Novemba, katika wilaya ya Erie, Ohio.

Faida ya njia hiyo ni rahisi kueleweka. Watu kumi wakihama chama cha kwanza kwenda cha pili, na wengine kumi wakihama kinyume chake, kura ya maoni ya kawaida itaonyesha kwamba hakuna kilichobadilika. Kwa kuwarudia watu wale wale, mtafiti humwona kila aliyehama na kumwuliza sababu.

Kitabu "The People's Choice" (1944), alichoandika pamoja na Bernard Berelson na Hazel Gaudet, kilionyesha kwamba kampeni iliwageuza wachache tu. Iliwaimarisha zaidi watu katika msimamo waliokuwa nao. Wengi walifuata familia, dini na marafiki zao. Tena habari za redio na magazeti mara nyingi ziliwafikia kwanza watu wenye kusikilizwa na wenzao, ndio wakazipeleka kwa wengine. Wazo hilo, liitwalo mtiririko wa hatua mbili, liliendelezwa katika "Personal Influence" (1955), alichoandika na Elihu Katz kutokana na mahojiano ya wanawake wapatao 800 mjini Decatur, Illinois.

Lawama na urithi

Mwaka 1959 C. Wright Mills, aliyefundisha pia Columbia, alilaumu utafiti wa namna hiyo kwamba unahesabu mambo madogo na kusahau nani hasa ana mamlaka katika jamii. Wengine walisema kwamba kupima miezi michache ya kampeni hakuonyeshi athari za miaka mingi za vyombo vya habari. Hata hivyo, mwaka 1962 Lazarsfeld alikuwa rais wa chama cha wanasosholojia wa Marekani, na njia ya kuwahoji watu wale wale mara kwa mara inatumika hadi leo katika tafiti za uchaguzi.