Philip Gosse: Mtu aliyeingiza bahari sebuleni, kisha akaona pwani ikikwanguliwa

Mtu anayefuga samaki wa bahari nyumbani, awe Mombasa, Dubai au Hamburg, huamka siku moja akakuta samaki wawili wamekufa na kioo kimefunikwa na utando wa kijani. Atabadilisha maji na kusugua kioo, na baada ya wiki mbili utando utakuwa umerudi. Kero hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 170. Miongoni mwa watu wa kwanza kuandika kitabu cha kumsaidia mtu wa kawaida kupambana nayo ni Mwingereza Philip Henry Gosse.

Jina lake halitajwi sana katika ukanda wetu. Hata hivyo, maisha yake yanatuhusu, kwa kuwa shauku aliyoiwasha ilianza kwa kioo kimoja cha maji na ikaishia kwa kukwangua miamba ya pwani nzima.

Gosse alizaliwa Worcester mwezi Aprili 1810 na kukulia Poole, mji wa bandari kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha ndogo za sura za watu, akizunguka mji hadi mji kutafuta wateja. Fedha hazikutosha. Kijana hakufika chuo kikuu, na mwaka 1827 alivuka Atlantiki kwenda Carbonear, Newfoundland, kuwa karani katika biashara ya samaki.

Huko ndiko alikonunua, mwaka 1832, kitabu cha zamani kuhusu hadubini. Alianza kukusanya wadudu na kuwachora kwa mkono aliourithi kwa baba yake. Mwaka 1835 alijaribu kilimo Quebec, akashindwa. Mwaka 1838 alikwenda Alabama kufundisha watoto wa wenye mashamba ya pamba. Alivutiwa na ndege na vipepeo, lakini ukatili dhidi ya watumwa ulimtia uchungu, na kabla ya mwaka kuisha alikuwa njiani kurudi Uingereza.

Kati ya 1844 na 1846 aliishi Jamaika akichunguza viumbe. Kitabu chake cha mwaka 1847 kuhusu ndege wa kisiwa hicho kilitegemea sana watu wawili wenyeji: Samuel Campbell, kijana mweusi aliyekuwa msaidizi wake porini, na Richard Hill, hakimu mwenye asili ya Kiafrika aliyekuwa mtaalamu wa viumbe. Gosse aliwataja wote wawili, na jina la Hill likawekwa kwenye ukurasa wa mbele wa kitabu. Kwa enzi ile, wazungu wachache walifanya hivyo.

Waliomtangulia

Gosse hakuwa wa kwanza kuweka viumbe wa bahari ndani ya chombo. Mwaka 1846, Anna Thynne, mke wa kasisi, alibeba matumbawe hai kutoka Torquay hadi London. Ili yasife, msaidizi wake wa nyumbani alimimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine kila siku karibu na dirisha lililo wazi, yapate hewa. Baadaye Thynne aliongeza mwani, na viumbe wake wakaishi kwa miaka kadhaa.

Mwanakemia Robert Warington naye, karibu mwaka 1850, aliweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na majani ya majini katika chombo cha maji baridi. Mimea ilitoa hewa safi, samaki wakatoa hewa ya ukaa ambayo mimea inaihitaji. Mambo yalikwenda vizuri hadi majani makavu yalipooza, maji yakachafuka na utando ukatanda kwenye kioo. Warington aliingiza konokono. Walikula uozo na utando, na maji yakarudi kuwa maangavu. Fikra ya uwiano kati ya mnyama, mmea na msafishaji ilianzia hapo.

Kilichowasaidia wote hao ni bei ya kioo. Serikali ya Uingereza ilifuta kodi ya kioo mwaka 1845, na tangi likaanza kufikiwa na familia za kipato cha kati.

Kutoka Devon hadi London

Mwaka 1852 Gosse alikuwa amechoka kwa kazi ya uandishi. Alihamia pwani ya Devon kupumzika, akiwa na mkewe Emily na mtoto wao Edmund. Mapumziko hayakuwepo. Bahari ilipokupwa alikuwa miambani na nyundo na patasi, akitoa mawe yenye mwani na anemoni, wale wanyama laini wanaofanana na maua. Kitabu chake kuhusu pwani hiyo kilitoka mwaka 1853.

Mwezi Mei mwaka huohuo, bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, ilifungua jumba la samaki, ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza duniani kwa umma kutazama viumbe wa majini. Gosse alikuwa miongoni mwa waliolipatia viumbe. Mwaka 1854 alitoa kitabu The Aquarium, chenye picha za rangi alizozichora mwenyewe. Kitabu hicho ndicho kilicholifanya neno akwariamu lienee kwa maana tunayoijua leo.

Kwa nini samaki hufa

Kitabu hicho kilipendwa kwa uzuri wake, lakini sehemu yenye faida ilikuwa mashauri ya kazi.

Shauri la kwanza lilihusu maji. Watu waliokuwa mbali na pwani walipata maji ya bahari kwa shida na gharama. Gosse alitumia vipimo vya kemia vya maji ya bahari vilivyokuwepo, akachanganya chumvi nne: ya kawaida, mbili za magnesi na moja ya potasi. Hakutia wanyama siku hiyohiyo. Alianza na mwani wa kijani, akauacha siku kadhaa, ndipo akaingiza viumbe. Wafugaji wa leo hupoteza samaki wengi kwa kuruka hatua hiyo: tangi linanunuliwa Jumamosi asubuhi, samaki wanatiwa jioni, na kabla ya wiki mbili kwisha wamekufa.

Shauri la pili ni pumzi. Samaki wengi mahali padogo humaliza oksijeni, hasa usiku ambapo mimea haiitoi. Enzi ile hapakuwa na pampu ya umeme, hivyo maji yalipaswa kutikiswa, kumiminwa au kudondoshwa kutoka juu. Anayeona samaki wake wakihema juu ya maji alfajiri anapaswa kuangalia jambo hilo kabla ya kwenda dukani kutafuta dawa.

La tatu ni mzoga. Kiumbe mmoja aliyekufa nyuma ya jiwe bila kuonekana anaweza kuua tangi zima. Gosse alisisitiza kuhesabu viumbe mara kwa mara na kuondoa kilichokufa upesi.

La nne ni mwanga. Jua kali kupitia kioo hupasha maji moto na kuzalisha mwani kupita kiasi, hadi maji yanageuka rangi. Dawa ilikuwa kivuli kwa pazia, na konokono wadogo wa pwani. Gosse aliutazama ulimi wao kwa hadubini, akaeleza jinsi unavyokwangua kioo safu kwa safu mithili ya mtu anayefyeka nyasi kwa panga. Konokono hao bado huuzwa kwa kazi hiyohiyo.

Asichokijua Gosse

Kuna jambo moja ambalo yeye na wenzake hawakulijua. Walidhani mimea ndiyo inayosafisha maji. Kwa kweli, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na bakteria wanaoishi juu ya mawe na mchanga. Mkojo wa samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni hatari, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitreti, yenye madhara madogo. Makundi hayo huhitaji wiki kadhaa kukua. Ndiyo maana tangi jipya huua, na ndiyo maana kuliosha lote kwa sabuni ni kosa.

Nitreti nayo, pamoja na fosfeti kutoka kwenye chakula, ndiyo mbolea ya mwani wa kero. Kusugua kioo huondoa kinachoonekana tu. Asiyepunguza chakula, idadi ya samaki na saa za taa atasugua kila wiki.

Mmoja wa waliofumbua hatua hizo mbili za amonia ni mwanakemia wa kilimo Robert Warington, mtoto wa yule mwenye samaki wa dhahabu. Alifanya kazi hiyo katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, akichunguza udongo wa mashamba.

Msiba na mgogoro

Mwaka 1856 Gosse aliingizwa katika Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi, heshima kubwa kwa mtu asiye na shahada. Furaha haikudumu. Februari 1857 Emily alifariki kwa saratani ya matiti, baada ya tiba iliyomtesa sana. Gosse alibaki na mtoto wa miaka saba.

Mwaka huohuo alitoa kitabu Omphalos. Alikuwa mlokole wa dhehebu la Brethren, na alitaka kupatanisha Biblia na umri mkubwa wa miamba. Alidai Mungu aliumba dunia ikiwa tayari na alama za kale, visukuku vikiwemo. Wanasayansi walimpuuza, na waumini hawakumpokea. Miaka miwili baadaye Charles Darwin, ambaye Gosse alikuwa ameandikiana naye barua, alitoa kitabu chake kuhusu asili ya spishi, na mjadala ukamwacha Gosse nyuma.

Alihamia St Marychurch, Devon, akaoa tena mwaka 1860, akaendelea na kazi. Kitabu chake kuhusu anemoni na matumbawe ya Uingereza, kilichokamilika mwaka 1860, kiliheshimiwa na wataalamu kwa muda mrefu.

Pwani ilipokwanguliwa

Lakini pwani yenyewe ilikuwa imebadilika. Wasomaji wa vitabu vyake walimiminika kwa treni na vikapu na nyundo. Wafanyabiashara nao walikusanya viumbe kuwauzia watu wa mijini. Viumbe wengi walikufa njiani au wiki za mwanzo, na kila kilichokufa kilitafutiwa mbadala kutoka mwamba uleule. Mwanawe Edmund, aliyekuja kuwa mwandishi maarufu, alieleza katika kitabu cha mwaka 1907 jinsi madimbwi ya miambani yaliyokuwa yamejaa uhai yalivyobaki matupu, na jinsi baba yake alivyoumizwa na jambo hilo.

Kwetu, mzunguko huo unaendelea. Samaki wa mapambo kutoka miamba ya matumbawe ya Kenya husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani. Samaki wa rangi kutoka Ziwa Tanganyika, linalogawanywa na Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, wanajulikana na wafugaji wa nchi za mbali kuliko wanavyojulikana na wengi wetu. Biashara hiyo inalisha familia za wavuvi na haina sababu ya kulaaniwa yote. Lakini samaki wa mwambani anayekufa kwa sababu mnunuzi hakusubiri tangi likomae ataagizwa mwingine, na mwingine huyo atatoka kwenye mwamba wetu.

Kwa hiyo utunzaji wa tangi lililo Hamburg ni sehemu ya utunzaji wa mwamba ulio Afrika Mashariki. Serikali za kanda hujadili leseni na maeneo tengefu, na ni vyema. Zinaweza pia kudai wauzaji waeleze idadi ya samaki wanaofika hai.

Gosse alifariki St Marychurch tarehe 23 Agosti 1888, akiwa na miaka 78. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa bado anachapisha, pamoja na mwenzake C. T. Hudson, kitabu kuhusu viumbe wadogo wa majini wasioonekana ila kwa hadubini.