Thomas Fairchild na 'nyumbu' wa maua
Thomas Fairchild alizaliwa Uingereza mwaka 1667. Alifunzwa kazi ya vitambaa jijini London, akaiacha na kuanzisha kitalu cha kuuza miche huko Hoxton.

Wengi waliamini binadamu hawezi kuunda mmea mpya. Kabla ya 1720, Fairchild alichavusha karnesheni, ua lenye harufu nzuri lisilopukutisha majani, kwa chavua ya ua la jamii yake.

Mche uliopatikana uliitwa nyumbu: ulichanua, lakini haukuzaa mbegu. Uliongezwa kwa kupanda vipande vya shina.

Alifariki 1729, akiacha pauni 25 za mahubiri ya kila mwaka kuhusu uumbaji wa Mungu. Hadi leo karnesheni za biashara huzalishwa kwa vipande.