Dr. Eduardo Mondlane: Mwanachuoni Aliyeuacha Uprofesa

Sisi tukaao Chuno, katika mji wa Mtwara, tumezoea kuuona Mto Ruvuma kuwa ni jirani tu. Watu huvuka kwenda na kurudi, ukoo mmoja una makao pande zote mbili, na Wamakonde wa ng'ambo ni ndugu wa Wamakonde wa huku. Lakini wazee wetu wanaukumbuka mto huo kwa namna nyingine. Tangu vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964 wakimbizi waliuvuka kwa maelfu, na hapa Mtwara palikuwa na hospitali ya chama cha FRELIMO, walimotibiwa majeruhi walioletwa kutoka vitani. Na kiongozi wa watu hao hakuwa askari. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, ambaye angaliweza kumaliza umri wake Marekani kwa raha na heshima. Habari za mtu huyo, Dr. Eduardo Chivambo Mondlane, zafaa zisomwe na kila anayejiuliza elimu ni ya nini.

Alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 katika wilaya ya Manjacaze, jimbo la Gaza, kusini kabisa mwa Msumbiji, mbali sana na Ruvuma. Baba yake alikuwa mmoja wa machifu wa Kitsonga, naye alifariki mwanawe angali mdogo. Utotoni alichunga mifugo kama watoto wenzake. Mama yake ndiye aliyeshikilia kwamba ni lazima asome, ili apate kuijua siri ya nguvu za hao wageni waliowatawala. Basi akaingia shule ya misheni ya Waswisi, akamaliza masomo ya msingi, kisha akaukuta mlango umefungwa. Kwa utaratibu wa Wareno wa siku zile kijana wa Kiafrika kama yeye hakuwa na njia ya kwenda sekondari. Akajifunza kilimo, na pamoja na kilimo akajifunza Kiingereza. Lugha hiyo ndiyo iliyomvusha mpaka Afrika Kusini, akapata sekondari huko, na mwaka 1948 akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mjini Johannesburg.

Hakukaa. Mwaka ule ule serikali ya ubaguzi ilishika madaraka, na mwaka 1949 ikamnyima ruhusa ya kuendelea kuishi nchini. Aliporudi kwao polisi wa Kireno walimkamata na kumhoji, kwa kuwa alikuwa amewakusanya wanafunzi wenzake katika umoja wao. Mwaka 1950 akaenda Chuo Kikuu cha Lisbon, ambako alikutana na vijana wengine wa makoloni ya Kireno, miongoni mwao Amilcar Cabral wa Guinea-Bissau na Agostinho Neto wa Angola. Huko nako polisi hawakumwacha. Mwaka 1951 akavuka bahari kwenda Chuo cha Oberlin, Marekani, akapata shahada yake ya kwanza mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 33. Umri huo wengine huona haya kukaa darasani na vijana, yeye hakuona. Akaendelea katika Chuo Kikuu cha Northwestern mpaka akapata udaktari wa falsafa mwaka 1960.

Mwaka 1957 aliajiriwa na Umoja wa Mataifa katika idara ya nchi za udhamini. Tanganyika ilikuwa mojawapo ya nchi hizo, na huko ndiko alikofahamiana na Mwalimu Nyerere, aliyekuwa akienda kudai uhuru wetu. Kazi ile ilikuwa na mshahara mzuri, lakini ilimkataza mtu kujiingiza katika siasa. Mwaka 1961 alikwenda Msumbiji kuitazama nchi yake baada ya miaka mingi, akapokewa na umati wa watu. Hapana shaka ziara ile ndiyo iliyomgeuza. Aliacha Umoja wa Mataifa, akawa mwalimu wa elimu ya jamii na mila za watu katika Chuo Kikuu cha Syracuse, kwani mwalimu wa chuo ana uhuru wa kusema.

Wakati huo upande wa pili wa Ruvuma palikuwa pamekwisha mwagika damu. Tarehe 16 Juni 1960, huko Mueda, Wareno waliwafyatulia risasi watu waliokuja kudai haki zao. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, ila watu wa Mueda hawakuhitaji hesabu ili wajue lililowapata. Vyama vitatu vya wakimbizi na wafanyakazi wa Msumbiji vikaungana Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, vikawa FRELIMO, na Mondlane akachaguliwa kuwa Rais. Mwaka 1963 aliuacha ualimu wa Syracuse, akahamia Dar es Salaam. Mkewe Janet, Mmarekani mzungu, akaiongoza Taasisi ya Msumbiji, iliyosomesha vijana waliokimbia ukoloni. Tarehe 25 Septemba 1964 vita vikaanza huko Chai, jimboni Cabo Delgado.

Mtu aweza kudhani kwamba shida yake kubwa ilikuwa Wareno. Lakini mwaka 1968 shida ilitoka nyumbani. Baadhi ya wanafunzi wa Taasisi walikataa kwenda kufanya kazi katika sehemu zilizokombolewa. Walijiona kuwa ni wasomi wa kesho, ambao hawapaswi kutumwa porini pamoja na wakulima, na padri mmoja aliyekuwa mwalimu wao akawaunga mkono. Msimamo wa FRELIMO ulikuwa kwamba aliyesomeshwa kwa jasho la wanaopigana anawadai nini tena? Yeye ndiye mwenye kudaiwa. Taasisi ilifungwa mwezi Machi baada ya ghasia, na Mei ofisi ya chama ikavamiwa. Mondlane alisutwa kwa asili yake ya kusini, na kwa mke wake mzungu. Nionavyo mimi, hoja ya mke ilikuwa dhaifu kupita zote. Lakini hoja ya kusini iliwaingia watu, maana waliokuwa wakifa vitani wengi wao walikuwa watu wa kaskazini.

Ugomvi huo ulifika hapa kwetu. Lazaro Nkavandame, kiongozi wa Wamakonde wa Cabo Delgado, alitaka jimbo lake lijiendeshe peke yake, na akaususia Mkutano Mkuu wa pili uliofanyika Julai ndani ya Msumbiji, ambao ulimchagua Mondlane tena. Agosti kikafanyika kikao Mtwara, viongozi wa Tanzania wakijaribu kusuluhisha, wala suluhu haikupatikana. Desemba kamanda Paulo Kankhomba aliuawa alipouvuka Ruvuma, na lawama ikawaangukia watu wa Nkavandame. Baada ya miezi michache Nkavandame mwenyewe alijisalimisha kwa Wareno.

Mondlane hakuyaona hayo ya mwisho. Asubuhi ya tarehe 3 Februari 1969 alikwenda katika nyumba ya rafiki, Oyster Bay, Dar es Salaam, alikozoea kufanyia kazi kwa utulivu. Miongoni mwa barua zake mlikuwa na kifurushi chenye kitabu. Alipokifungua, bomu lililofichwa ndani ya kitabu hicho likalipuka likamwua. Lawama kubwa iliwaangukia polisi wa siri wa Kireno. Aliacha mjane na watoto watatu, na kitabu chake juu ya mapambano ya Msumbiji kikachapishwa mwaka huo huo naye hayupo.

Alizikwa Kinondoni. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na baadaye mabaki yake yalihamishiwa Maputo. Tarehe 1 Mei 1976 chuo kikuu cha mji huo kilipewa jina lake. Chuo hicho kilikuwa kimeanzishwa na Wareno mwaka 1962, mwaka uleule alipochaguliwa kuiongoza FRELIMO. Kabla yake nchi nzima ya Msumbiji haikuwa na chuo kikuu hata kimoja.